Karabini kwa Ajili ya Jino la Mama Mukwe

Constantin Kalasa, ukimuona mara ya kwanza, utasema ni mutu wa kiburi. Haangalii watu usoni. Ukimusalimu njiani, macho yake yanashuka mpaka kwenye viatu vyako, na ni viatu anavijibu. Mimi ni mutu wa kutembea, Likasi ninaijua kwa miguu, kutoka Shituru mpaka njia ya Buluo, na kila nikipita kwake ananipa kiti na kikombe cha maji, kisha tunaongea, yeye na viatu vyangu. Si kiburi. Ni haya. Nyingine alizaliwa nayo, nyingine maisha yalimuongezea.

Kazi yake ilikuwa ya reli. Treni ikikaribia, yeye ndiye aliyeshika kile chuma kirefu na kukilaza upande, ili magurudumu yafuate njia inayotakiwa. Sasa amepumzika. Nje ya reli, kitu alichokijua vizuri ni kuwinda. Si nyama kubwa, hizo kwetu zilikwisha zamani. Yeye ni kanga, kwale, sungura, na simbiliki, lile panya nene la kwenye matete ambalo watu wanalipenda kuliko kuku. Alikuwa na bunduki ya kalibri douze ya marehemu baba yake, alikuwa na karatasi zake za ruhusa, na alikuwa na jina. Kalasa hapigi mara mbili, ndivyo walivyosema.

Mimi nilikuwa shibukombe wake, yaani yule mutu wa kubeba maneno kati ya jamaa mbili wakati wa kuoa. Watu wanadhani kazi hiyo inaisha siku ya arusi. Haiishi. Nyumba ikitikisika, ni wewe wanakuita.

Bibi yake anaitwa Reine. Babu ya Reine aliletwa hapa kutoka Kasai kuchimba shaba, na mama yake, Mama Clotilde, alizaliwa hapa hapa, akasoma hapa, akaoleka hapa. Lakini ikafika ile miaka ya kufukuzana, ambapo watu wa Kasai waliambiwa warudi kwao, hata wale ambao kwao kwingine hawakukujua. Mama Clotilde na bwana yake walilala kwenye stesheni pamoja na wengine wengi, juu ya mizigo yao, wakingoja treni. Reine alikuwa ameisha kuolewa na mutu wa hapa, akabakia. Siku treni ilipowachukua, Constantin alikuwa kwenye zamu. Ni yeye aliyelaza kile chuma, na treni ikapita na wazazi wa bibi yake ndani. Hakuna mutu aliyemusema. Kazi ilikuwa kazi. Lakini mimi niliyemujua mbele na nyuma, ninasema ni tangu hapo alianza kuangalia viatu.

Bwana ya Mama Clotilde alikufa kule. Yeye alikaa peke yake miaka mingi, halafu juzi juzi akarudi Likasi kwa mutoto wake, muzee sasa, na sanduku moja. Walimupa chumba cha nyuma. Na Constantin akashika bukwe kama inavyotakiwa. Hapo watu wa Kasai na sisi Basanga hatutofautiani: mukwe na mama mukwe hawakutani uso kwa uso, hawali sahani moja, hawasemeshani ila kwa kinywa cha mutu mwingine. Constantin akitoka sokoni ao msituni, anakohoa tangu kwenye muti wa mapapai ili mama apate muda wa kuingia ndani. Aliniambia tu, akiangalia viatu vyangu, akiniita vieux, yaani muzee: "Vieux, huyu mama minye nitamulisha." Na alimulisha. Kila alipopiga kanga, paja nono lilienda chumba cha nyuma.

Sasa, kalibri douze haitumi risasi moja. Inatupa punje za risasi nyingi, zinatawanyika, na nyingine zinabakia ndani ya nyama hata ukizitafuta kwa kisu. Sisi tumezoea, tunatafuna polepole. Siku moja Mama Clotilde aliuma punje, na jino likavunjika.

Atamulalamikia nani? Reine ndiye aliyeona punje kwenye ukingo wa sahani, akaiosha, akaileta mbele ya nyumba ndani ya kiganja, kwa bwana yake, ambaye anamuita kwa jina la mutoto wao wa kwanza.

"Baba Magloire, angaria. Hii ilitoka mu kinywa ya mama. Jino nayo ilivunjika."

"Alisema nini?"

"Atasema nini? Weye ni mukwe wake. Alisema nyama ilikuwa muzuri, aksanti."

Constantin aliichukua ile punje, akaitia mufukoni. Hakula siku ile. Na kalibri douze ya baba yake hakuigusa tena.

Ndiyo maana asubuhi moja alinikuta njiani akaniomba tuende naye kwa Philippe. Philippe ni fundi wa bunduki, ana ruhusa yake ukutani ndani ya kioo, na duka dogo lenye harufu ya mafuta. Siku hiyo Bertin naye alikuwa amekaa pale. Bertin ni jirani wa Constantin, ukuta kwa ukuta, muwindaji pia, na ulimi wake haulali.

"Vieux," Philippe akasema, "unatafuta bunduki ya kuua ao ya kuonesha bantu?"

"Ya kupiga kanga ku kichwa," Constantin akajibu. "Nyama isiguswe. Isibakie chuma ndani."

"Basi unatafuta vingt-deux." Philippe akafungua kabati. "Lakini ujue, kichwa ya kanga iko sawa kifuniko ya chupa, na haitulie."

Akaweka karabini mbili juu ya meza. Vingt-deux ni bunduki ya risasi moja moja, nyembamba kuliko kidole cha mutoto. Haina kishindo kikubwa, haipasui nyama. Ya kwanza ilikuwa mupya, ya plastiki nyeusi, nyepesi, na ukivuta inatapika risasi kumi bila kupumua. Ya pili ilikuwa ya zamani, ya mbao na chuma, nzito, na mbao yake ilikuwa nyeusi pale ambapo shavu la mutu fulani lilikuwa limeiegemea maisha yote.

Bertin akaishika ile mupya. "Hii njo bunduki. Ile ingine ni ya makumbusho."

Constantin hakubishana. Kwanza alihakikisha ya zamani haina kitu ndani. Akavuta chuma cha nyuma, kile kinachofunga risasi, akakitoa kabisa, akakipindua, akakinusa. Akaweka ukucha wa kidole gumba pale risasi inapolala, mwanga ukaupiga ukucha ukaingia ndani ya mututu, naye akachungulia kutoka mbele. Mistari ya ndani ilizunguka safi, bila kutu. Kisha akaangalia vichwa vya skurubu, moja moja.

"Unatafuta nini mu skurubu?" nikamuuliza.

"Kama zimekwaruzwa, ni kusema kila muntu mwenye kisu aliifungua," akasema. "Hizi hazijaguswa."

Ya plastiki aliifungua mara moja tu, akaonesha Philippe kwa kidole ile springi ndogo ya ndani na tundu zake. Vumbi letu la kiangazi unalijua, linaingia hata kwenye kitunguu. Philippe akacheka. "Njo vile. Iko mbio, lakini inataka kuogeshwa kila siku sawa mutoto. Ile ya zamani utaiachia wajukuu."

Basi akachukua ya zamani. Mpaka hapo, kila kitu alichokifanya kilikuwa cha mutu mwenye akili yake.

Halafu Philippe akauliza: "Na lineti?" Kwetu darubini ya bunduki tunaiita lineti. Bertin akapiga mapaja.

"Kalasa na lineti? Njo mwisho ya dunia. Kesho utaomba kanga aingie yeye mwenyewe mu sufuria."

"Nani amesema minye nataka lineti?" Constantin akasema, na masikio yake yakawa ya moto.

Alingoja Bertin aondoke. Bertin alipopotea kwenye kona, yeye akabakia anapangusa karabini ambayo ilikuwa imeisha kupanguswa. Philippe ni mutu wa biashara, anajua kungoja. Akamuonesha kalenda ya ukutani upande wa pili. "Vieux, unaona tarehe?"

"Naona."

Hakusoma. Philippe hakumulazimisha. Akatoa darubini mbili. Ya kwanza ilikuwa fupi, nyembamba, haina kitu cha kuzungusha, inakuza mara ine tu. "Hii niliizamisha mu mayi ya vuguvugu, haikutoa povu ata moja. Ni kusema masika haitaingiza ukungu ndani. Ukiangusha, utaiokota tu." Ya pili ilikuwa ndefu, na kioo cha mbele kikubwa kama mudomo wa kikombe, inakuza mpaka mara tisa. "Hii inaleta kanga mpaka mu pua yako. Lakini haikuoneshe kintu iko pembeni. Unaona jicho ya kanga, hauone kanga iko wapi. Minye ningekupatia hii fupi."

Constantin akachungulia katika ile ndefu, kupitia mulango, upande wa barabara. Niliona mabega yake yakishuka, kama mutu aliyeletewa maji. Sijui alikuwa hajaona majani ya muti tangu lini. Akaelekeza kidevu kwenye ile ndefu.

"Sawa," Philippe akasema. "Lakini unisikie. Lineti ya bunduki si ya kuangalilia. Ukitaka kuangalia, nunua jumelles, ile darubini ya macho mawili. Fasi jicho inaenda, mututu nayo inaenda."

Constantin akasema anajua. Na alijua. Yeye mwenyewe ndiye alifundisha nusu ya wawindaji wa pale kutoelekeza bunduki kwa mutu hata ikiwa tupu.

Sasa bunduki mupya lazima ijaribiwe. Kuna fasi ambapo wawindaji wanaenda kupiga makopo, upande wa njia ya Buluo, lakini kule Bertin angekuwepo, na wengine, na wangeona darubini. Constantin hakuweza. Mutu asiyepiga mara mbili, na sasa anahitaji kioo kuona kopo. Basi alipanda peke yake kile kilima cha nyuma ya nyumba zao, akajificha nyuma ya kichuguu kikubwa, akalala kifudifudi. Risasi hakuzibeba hata moja. Kile chuma cha nyuma alikitoa, akakitia mufukoni, pamoja na ile punje ya kalibri douze. Alitaka tu kuzoeza jicho.

Aliangalia bomba kubwa la moshi la kiwanda cha Shituru, akahesabu madoa yake ya kutu. Aliangalia nyaya za reli. Kisha, kwa kuwa bomba halitembei na kanga anatembea, akatafuta kitu cha kumufuata. Chini kulikuwa na kuku wa nyumba yake mwenyewe. Akachagua mumoja mwekundu, akaweka musalaba wa kioo kwenye kichwa chake, akamufuata. Kuku akadonoa, akapita chini ya kamba ya nguo, akapita kando ya ukuta wa matete, akapotea nyuma. Constantin akasogeza darubini kumungoja upande wa pili. Kioo kile kilikuwa kinaonesha jicho la kuku. Hakikuonesha ukuta wa matete ni wa nini.

Ulikuwa wa bafu. Bafu letu halina paa. Na ndani alikuwemo Mama Clotilde.

Hapo ningependa kusema aligeuza uso mara moja. Hakugeuza mara moja. Na alipokuwa bado hajageuza, jua likapiga kile kioo kikubwa cha mbele, mwanga ukashuka mpaka kwenye bafu, na mama akainua kichwa. Aliona kilima, akaona kichuguu, akaona kofia ya kijani ya reli ambayo hakuna mwingine anayeivaa pale, na chini ya kofia, bunduki imemuelekea yeye.

Hakupiga kelele. Alichukua kitenge, akaingia chumbani, akafungua lile sanduku lake moja.

Nilikuwa upande wa soko Reine alipotuma mutu kuniita. Nilipofika, sanduku lilikuwa tayari mulangoni, limefungwa kwa kamba. Mama Clotilde alikuwa ndani ya chumba chake nyuma ya pazia, ametaka tikiti ya kurudi Kasai, na kule hakuna mutu aliyemungoja, hata kaburi la bwana yake lilikuwa mbali na stesheni. Reine alikuwa amesimama katikati ya yadi, macho mekundu.

"Shibukombe, ni weye ulinileta mu nyumba hii," akaniambia. "Basi ongea. Mama akipanda treni, minye nitapanda naye."

Constantin alikuwa amekaa kwenye kigoda, mugongo wake umeelekea pazia, kama desturi inavyotaka. Kofia alikuwa ameivua. Mimi nikakaa kwenye kizingiti, sikio moja ndani, sikio moja nje. Upande wa pili wa ukuta nikasikia mutu anavuta kiti polepole. Bertin.

Sauti ya mama ikatoka nyuma ya pazia, ikiniita mimi, nzito kidogo, kama ya mutu mwenye chakula mudomoni.

"Muzee Léon, uulize mukwe yangu. Mara ya kwanza alinipandisha treni, sikusema neno. Mara hii anataka nini?"

Nilimuona Constantin akiinama kana kwamba amepigwa. Miaka yote alifikiri mama hajui. Alifikiri mutu aliyekaa ndani ya treni hawezi kuona nani ameshika chuma nje.

Nikarudisha maneno, ingawa alikuwa ameyasikia. Ndivyo inavyofanywa.

"Umwambie mama," akasema kwa ardhi, "bunduki haikukuwa na risasi. Chuma yake ya nyuma ilikuwa mu mufuko. Hii hapa." Akakitoa, akakiweka mavumbini. Punje ya risasi ikatoka nacho, ikaviringika.

"Na mama angeona mufuko yako kutoka kule chini?" Reine akasema. "Na weye ukiona muntu anakuelekeza bunduki, utamuuliza kwanza mufuko iko na nini?"

"Umuulize," mama akasema, "alikuwa anaangalia nini."

"Kuku," Constantin akajibu.

Upande wa pili wa ukuta mutu akakohoa kicheko, akakimeza.

"Kuku." Mama akalirudia neno. "Umuulize, kuku alikuwa anaoga?"

"Kuku alipita nyuma ya bafu. Nilikuwa namungoja atoke."

"Kuku alitoka. Nilimuona, alipita mbele ya mulango. Bunduki haikumufuata. Ilibakia." Sauti yake haikupanda. "Muzee Léon, minye nimeona bunduki mu maisha yangu. Pale stesheni tuliziona. Bunduki ya kupita, inapita. Ile ilikuwa imesimama. Aseme ilisimama juu ya nini."

Hapo nikaelewa shimo lilivyokuwa. Akisema hakuona kitu, basi bunduki ilisimama juu ya mauaji, na mama atapanda treni akiamini hivyo mpaka kufa. Akisema aliona, basi ni mukwe aliyeona mama mukwe wake hana nguo, na akabakia anaona. Kwetu mutu anahama mutaa kwa ajili ya hiyo. Wengine wamehama muji. Na Bertin yuko ukutani.

Nikamuambia polepole: "Constantin, unaweza kuniambia minye peke yangu, nitatafuta namna ya kusema."

Akatikisa kichwa. Jasho lilikuwa linamutoka shingoni ingawa tulikuwa kwenye kivuli.

"Niliona," akasema.

Reine akafunika mudomo.

"Umwambie mama, niliona. Aliweka mayi ya chumvi mu kinywa, alishika shavu ya kushoto na mikono yote mbili, na alikuwa analia. Shavu imevimba. Nilisema, ni jino ile. Ni jino ya kanga yangu, haijapona, na mu nyumba hii hakuna mwenye kujua. Njo maana jicho haikutoka mbio." Akapumua. "Na bintu bile sikupashwa kuona, nayo niliona. Sitasema sikuona. Lineti ile haifiche kintu."

Nikageuka kumupelekea mama maneno yale. Hakukuwa na haja. Reine alikuwa ameisha kuinua pazia na kuingia.

"Mama, toa kitambaa."

"Ni baridi tu."

"Siku zote hizi unaniambia baridi. Toa."

Tulisikia kitambaa kinafunguliwa, kisha Reine akasema, "Yo, mama," kidogo kidogo. Mama alikuwa amefunga uso kwa kitambaa tangu wiki nyingi, akila upande mumoja, asimwambie hata mutoto wake, maana akilalamika kuhusu jino, atakuwa amelalamika kuhusu nyama ya mukwe.

Baadaye sauti yake ikarudi. Sasa ilikuwa imechoka zaidi kuliko kukasirika.

"Muzee Léon. Umuulize. Kalasa ambaye bantu wanasema hapigi mara mbili, lineti ya nini?"

Hili nalo lilimuuma. Nilidhani atasema ni ya kujaribu tu. Aliangalia ukuta wa Bertin, mara ya kwanza nimemuona kuinua macho, kisha akayashusha.

"Macho yangu yamekwisha, mama," akasema, na akasahau kupitisha kwangu. "Kanga nazisikia, sizione. Mwaka huu nilipiga juu ya sauti. Njo maana ile punje ilikuwa mingi mu nyama. Nilikuwa napiga ovyo."

Hakuna aliyemukemea kwa kusema naye moja kwa moja. Ukutani hakukuwa na kicheko tena. Bertin aliniambia baadaye yeye mwenyewe alitaka kuondoka lakini kiti kingelia.

Mama Clotilde akatoa neno lake, na mimi nikalibeba kama lilivyo. Mukwe atoe kuku mweupe na kitenge vya kuomba musamaha, hiyo ni desturi, haina mujadala. Bafu litiwe paa, na ni yeye Constantin atakayelipiga misumari, na mama hataingia humo mpaka lifunikwe. Lineti ile kubwa irudi ilikotoka. Karabini ibakie, kwa kuwa Reine alikuwa amemuambia ilinunuliwa kwa ajili ya nini.

"Na ile ya treni," akasema mwisho, "asiniulize leo."

Constantin hakuwa ameuliza. Aliinama tu. Reine akachukua sanduku, akalirudisha ndani, lakini kamba hakuifungua siku ile.

Mambo mengine yalikwenda kama yanavyokwenda. Walimupeleka mama hospitali, wakang'oa kisiki cha jino na usaha. Constantin alipiga paa la bafu kwa mabati, akifanya kazi asubuhi mapema wakati mama yuko misa, na akakohoa kila aliposhuka ngazi. Kwa Philippe tulirudi pamoja. Philippe aliipokea darubini ndefu, akafunga ile fupi kwenye karabini, akakaza skurubu, akaiwekea na kitufe cha kuitoa haraka kwenye bunduki. Safari hii Constantin alienda kwenye njia ya Buluo, mbele ya wote, akapiga makopo. Mengine aliyakosa. Bertin akasema, "Hata minye macho si ya jana," akaomba kuchungulia, na akachungulia muda murefu kuliko ilivyotakiwa.

Msimu ulipofunguliwa nilikuwa nimetoka kutembea upande wa Shinkolobwe, nikapita kwake kwa kiti changu na maji yangu. Alikuwa amerudi asubuhi ile na kanga mumoja. Reine alinionesha kabla ya kunyonyoa: tundu moja dogo chini ya kichwa, mwili muzima, safi. Alipika na karanga, akapeleka paja chumba cha nyuma.

Tulikaa mbele ya nyumba. Constantin hakula. Alikuwa anasikiliza, kama anavyosikiliza kanga. Hatimaye Reine akatoka na sahani, na juu yake mfupa peke yake.

"Mama anasema umwambie mukwe, hakuna chuma."

"Alimaliza?" Constantin akauliza.

"Unaona mfupa."

Aliuangalia ule mfupa. Nilidhani atafurahi. Uso wake uliwaka tena, masikio na shingo, kama siku ile ya kigoda, na macho yakashuka yakatafuta viatu vyangu. "Bien, muzuri," akaviambia. Kisha akainuka kwenda kuweka karabini yake. Darubini aliitoa kwanza, akaitia ndani ya soksi nzee, soksi akaitia mufukoni, ndipo akachukua njia ya kupitia nyuma. Alipofika kwenye bafu akakohoa, ingawa lina paa sasa, na mulango ulikuwa wazi, na ndani hakukuwa na mutu.